Kwa Muda Tu

12 Novemba, Jumapili

Maji yameingia ndani. Siku zote hizi tulikuwa tunayaona yakitambaa uani, tukahamisha sufuria, kisha mikeka, kisha kitanda cha Ketsia. Leo asubuhi nilipoteremsha miguu kitandani nilikanyaga ziwa. Toussaint alicheka. Bwana yangu hucheka mambo yakimshinda, na kicheko chake ndicho kilichonifanya nimpende tangu mwanzo.

"Mama Ketsia, funga vitu," akasema. "Tunapanda kwa Yaya Anne. Ni kwa muda tu."

Yaya Anne ni dada yake mkubwa. Walikuja hapa Kalemie kutoka Baraka wakati wa vita, wakiwa wawili tu, yeye akimshika Toussaint mkono; mdogo wao Angélique alikuwa ameshapelekwa kwa ndugu, Uvira. Sasa ni mjane, anauza samaki wa mikebuka waliokaushwa, na nyumba yake iko mlimani, ambako ziwa haliwezi kufika. Ametupa chumba cha kuwekea magunia. Harufu ya samaki imeshaingia kwenye vitabu vyangu vya kufundishia.

Si kawaida yangu kuandika mambo yangu. Lakini nikikaa bure naanza kuhesabu kichwani vitu vilivyobaki nyumbani kwetu kule Kataki, na hiyo haina faida.

13 Novemba

Toussaint amerudi Kabimba. Kiwanda cha simenti cha kule kinahitaji fundi. Ni kazi ya muda, mpaka maji yashuke na afungue tena karakana yake ya mota za boti. Amekuwa akienda na kurudi hivyo tangu mwaka jana. Nimezoea.

19 Novemba

Mvua kutwa. Yaya Anne anafunga kabati la sukari kwa ufunguo na ufunguo anaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Ketsia ameomba chai, akaambiwa chai ya asubuhi imeshapita. Mtoto wa miaka minane. Nilinyamaza kwa sababu ya paa linalotufunika.

28 Novemba

Mvua.

5 Desemba

Leo darasa langu la sita limenifurahisha, kitu ambacho hakijatokea kitambo.

Kwenye dikte, yaani imla ya Kifaransa, kulikuwa na neno éphémère. Karibu wote waliliandika vibaya, basi nikaweka chaki chini nikawaeleza kwa Kiswahili: ni kitu kisichodumu, kitu cha muda. Nipeni mifano.

"Kumbikumbi, Madame," akasema Bertille. "Wanaruka mara moja, mabawa yanaanguka, kuku wanakula."

"Povu ya sabuni."

"Likizo."

"Courant," akasema Kizito, na darasa zima likacheka, nami nikacheka, maana kwetu umeme ulikuwa umekatika tangu juzi.

Kisha Keren akanyoosha mkono. Nyumba yao kule Kataki ni jirani na yetu, na maji yaliingia kwao kabla hayajafika kwetu. "Madame, kama hukujua kitu kitaisha, unaweza kukiita éphémère?"

Nikamuuliza ana maana gani.

"Nyumba yetu. Papa aliijenga ikae."

Nikamwambia tutarudi kwenye swali hilo kesho.

6 Desemba

Wakati wa mapumziko nilimpelekea Mwalimu Théophile wa darasa la tano swali la Keren. Ni mtu wa Moba, anabishana na kila kitu, hata na kamusi.

"Umewachanganya watoto," akaniambia bila kuinua macho kwenye madaftari anayosahihisha. "Kumbikumbi si wa muda. Kumbikumbi ni wa kupita. Hakuna mutu aliamua siku zao. Lakini ukisema kitu ni cha muda, kuna mutu nyuma yake anajua kitaisha. Serikali ya muda. Daraja la muda. Muda iko na mwenyewe."

"Na nyumba ya akina Keren?"

"Ile haikuwa ya muda wala ya kupita. Ile imeharibiwa. Kwa nini unataka neno moja libebe mizigo yote, Madame Pélagie?"

Nilirudi darasani nikawaeleza vile vile. Keren aliandika kila neno. Sidhani nilimsaidia.

24 Desemba

Toussaint amekuja! Alishuka kwenye boti na samaki, mchele, na gauni la Ketsia ambalo limemzidi kidogo, atakua nalo. Amenenepa. Shati lake limepigwa pasi vizuri, mistari ya mikono imenyooka. Nilimtania kwamba Kabimba imemfundisha pasi. Akacheka.

Usiku wa Noeli tulikwenda kanisani sote, hata Yaya Anne. Toussaint aliimba sauti ya chini, nami nilisimama karibu naye nikasikia sauti ile ikipita kwenye mkono wangu. Nilisahau magunia.

26 Desemba

Ameondoka. Nilimwomba abaki mpaka Bonane, mwaka mpya. Akasema mitambo haijui sikukuu.

Yaya Anne hakwenda kumsindikiza. Alikaa jikoni akigeuza samaki kwenye chanja.

14 Januari

Ukuta wa nyumba yetu upande wa ziwa umeanguka. Nilikwenda kuangalia, maji yakinifika magotini. Mtu ameshachukua mlango.

15 Januari

Nimempigia Toussaint kumwambia habari ya ukuta. Simu imelia tu.

16, 17, 18 Januari

Mvua. Simu haijibiwi.

19 Januari

Amejibu. Alikuwa kazini, kelele za mitambo, hakusikia. Akasema ukuta si kitu, tutajenga mwingine. Nyuma yake nilisikia mtoto mchanga akilia. Nikamuuliza ni nani. Ni wa jirani, akasema.

11 Februari

Ugomvi na Yaya Anne. Nauandika kama ulivyokwenda ili nisije nikauongezea chumvi.

Tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo. Nikasema kwamba Toussaint akirudi mwezi wa tatu tutatafuta nyumba ya kupanga, tumpishe Yaya.

"Mama Ketsia," akasema, "mutu akikuambia kwa muda, umuulize muda gani."

"Una maana gani, Yaya?"

"Maana yangu njo hiyo. Usimungojee sana."

Nikamwambia kama tumemchosha aseme waziwazi, nitambeba mtoto wangu nilale hata darasani. Akataka kusema kitu, kisha akarudisha macho kwenye majani. Sijawahi kumchukia mtu kwa namna ile. Nilijua sababu yake: hana bwana, hana mtoto, hapendi kuona mwingine anasubiri mtu.

3 Machi

Ziwa linazidi. Familia nyingine tatu zimepanda mlimani.

17 Machi

Toussaint haji Pasaka. Anasema kazi imeongezeka. Nikasema basi nitakwenda mimi, shule itakuwa imefungwa, nitakaa siku mbili nimfulie na kumpikia. Akajibu haraka mno: "Hapana, ziwa ni baya, utamwacha mutoto bure." Kisha akasema ananipenda. Huwa hasemi hivyo kwenye simu.

Nilipomweleza Yaya Anne kwamba nitakwenda hata hivyo, nilitegemea anikataze. Alifungua lile pindo la kitenge, akaweka ufunguo mezani.

"Tutaenda wawili," akasema. "Ketsia atabaki na jirani. Sukari iko kwenye kabati."

3 Aprili

Nimerudi jana. Leo mkono unaweza kuandika.

Tulifika Kabimba asubuhi. Njia nzima botini Yaya Anne alinishika kiwiko kila wimbi lilipotupiga. Pwani tulimwuliza mvuvi ni wapi kwa Toussaint, fundi wa kiwandani. Mvuvi hakusita. Akatuonyesha: nyumba ile ya matofali, yenye maua mbele.

Nilidhani amepewa na kiwanda. Nakumbuka nilifurahi. Nilifikiri, kumbe anaishi mahali pazuri, kwa nini hakuniambia.

Mlangoni alitokea msichana, labda miaka ishirini na mbili, kitenge kimefungwa juu ya kifua, mtoto mgongoni.

"Mimi ni Anne," akasema wifi yangu. "Dada ya Toussaint."

Yule msichana akapiga makofi mara moja, akapiga goti kidogo kama watu wa Moba wanavyosalimu. "Yaya Anne! Karibuni, karibuni ndani. Naitwa Éliane. Kila siku namwambia anilete kwenu, anasema mvua iishe kwanza." Kisha akanigeukia, uso umejaa furaha. "Na wewe najua. Wewe njo Angélique wa Uvira, mudogo wake. Wifi yangu."

Yaya Anne alifungua kinywa. Mimi nikasema, "Ndiyo."

Sijui ni kwa nini. Nimejiuliza tangu jana. Nadhani nilitaka kuingia ndani nione. Kama ningesema mimi ni nani, angelia, nami ningelia, na nisingeona kitu.

Basi nikaona. Sakafu ya simenti, laini, imepigwa deki. Kabati la vyombo. Shati la Toussaint la Noeli juu ya kiti, limenyooshwa mikono. Éliane alituletea maji ya kunawa, akapika ugali wa bukari na mikebuka mibichi ya mchuzi, na alipokuwa anapika akanipa mtoto nimshike. Ni wa kiume, amezaliwa Novemba. Ana paji la uso la Ketsia. Alinishika kidole akakiweka mdomoni, nikamwacha.

Nilikula. Yaya Anne hakuweza, alimega tu na kurudisha. Mimi nilikula mpaka nikamaliza, na Éliane akaniongezea.

"Mwezi wa sita tunafunga ndoa kanisani," akasema. "Padri ameshaandika majina. Mtakuja wote?"

Hapo Toussaint akaingia. Alikuwa na vumbi jeupe la simenti kwenye nyusi, kama mzee. Alimwona dada yake kwanza, akaanza kutabasamu, kisha akaniona mimi na mtoto wake mapajani pangu.

Éliane alikuwa anamtolea kiti. Toussaint alipita mbele yake, akachuchumaa karibu na magoti yangu, akanong'ona, lakini chumba ni kidogo na kila mtu alisikia.

"Mama Ketsia. Nisikilize. Hii ni ya muda tu."

Nilimtazama Éliane. Alikuwa bado amekishika kile kiti. Jina la Ketsia hakulijua, lakini neno "Mama" alilijua, na neno la mwisho alilijua vizuri kama mimi. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama kuta zile za matofali, moja moja, kana kwamba anaziona mara ya kwanza. Kisha akakiweka kiti chini polepole, akaja akamchukua mtoto mikononi mwangu, akaingia chumbani. Hakufunga mlango kwa nguvu. Aliurudisha tu.

Nilikuja na maneno. Mwanamke aliyekaa na bwana miaka kumi ana maneno. Lakini nilipouona ule uso wa Éliane, nilijua kwamba neno lile Toussaint alilonifariji nalo, siku yoyote, mbele ya mwanamke mwingine yeyote, angeweza kulisema juu yangu mimi. Labda ameshalisema. Labda ndivyo alivyopata nafasi moyoni mwa yule msichana: yule wa Kalemie ni wa muda tu.

"Tuende, Yaya," nikasema.

Toussaint alitufuata mpaka pwani. Yaya Anne aligeuka mara moja. "Rudi ukamuangalie yule mutoto wa watu," akamwambia. "Sisi tunajua njia."

Botini nililia mapajani pa Yaya Anne, kichwa changu kwenye harufu ya samaki. Ndipo aliponiambia. Mwezi wa kumi na mbili mchuuzi mmoja alimwambia kwamba Toussaint ana mtoto Kabimba. Hakujua aniambie vipi. "Nilikuwa nakuona unahesabu siku, hasira inanikamata," akasema. "Nilikuwa nakasirikia wewe, na kosa si lako."

4 Aprili

Sikutoka chumbani. Yaya Anne ameleta chai yenye sukari nyingi mno.

5 Aprili

Vivyo hivyo.

9 Aprili

Shule imefunguliwa. Nimefundisha sehemu na desimali. Mwalimu Théophile aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia malaria. Alinitazama, akachukua darasa langu saa ya mwisho bila kuombwa.

14 Aprili

Ketsia anauliza Papa atakuja lini. Nimemwambia sijui, na kwa mara ya kwanza ni kweli.

Nimerudi kwenye swali la Keren, peke yangu. Kama hukujua, unaweza kukiita kitu cha muda? Mimi sikujua. Kwangu mimi miaka ile kumi ilikuwa ndoa, siwezi kuipa jina lingine kwa nyuma. Toussaint pekee ndiye aliyekuwa na haki ya kutumia neno lile tangu mwanzo, na alilitumia kila siku mbele yangu: nyumba, kazi, safari. Mimi ndiye mwalimu wa lugha, na sikulisikia.

20 Aprili

Toussaint amekuja. Alikaa sebuleni kwa Yaya Anne, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuposa. Tulimpeleka Ketsia kwa jirani baada ya kumsalimu. Alimng'ang'ania baba yake shingoni, tukambandua.

"Nimekosa," akasema. "Nimekuja kurudi. Nitajenga huku juu, nyumba ya matofali."

"Na Éliane?" nikauliza.

"Nilishakuambia. Ile ilikuwa ya muda."

"Padri ameandika majina."

"Majina yanafutwa."

"Na mutoto?"

Aliangalia kofia yake. "Mutoto atakaa na mama yake. Njo kawaida."

Yaya Anne alikuwa amesimama mlangoni. Sijamsikia akipandisha sauti hata siku moja, na leo pia hakuipandisha. "Toussaint," akasema, "mimi nilikushika mukono kutoka Baraka. Njaa ilikuwa, risasi zilikuwa. Kuna siku nilikuambia nakushika kwa muda?"

Alilia. Mwanamume mzima, mabega yakimtikisika. Nami, na hili ni aibu kuliandika, nilitaka kuinuka nimfute. Naijua shingo yake ile ilivyo nyuma, pale nywele zinapoishia. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba moyo haupati habari siku moja na kichwa.

Nilimwambia aende. Sikumwambia kwa hasira. Kama angesema neno lingine lolote juu ya yule msichana, kwamba alimpenda, kwamba alishindwa kuchagua, labda ningemsikiliza. Lakini alimfuta kama chaki, akidhani ananifurahisha.

Alipotoka nilisikia hatua zake zikiteremka, nikawa naomba asirudi, na nikawa naomba arudi.

21 Aprili

Hakurudi.

2 Mei

Yaya Anne ametoa magunia yake chumbani, ameyapanga sebuleni chini ya dirisha. Nilimuuliza wageni wake watakaa wapi. "Watakaa juu ya magunia," akasema.

11 Mei

Mvua zinapungua. Usiku nalala.

12 Mei

Si kweli, silali.

18 Mei, Jumamosi

Nilikuwa peke yangu nyumbani. Yaya Anne sokoni, Ketsia kwenye mazoezi ya kwaya. Mtu akabisha hodi kwa sauti ndogo. Alikuwa Éliane, mtoto mgongoni na furushi kichwani.

Hakuingia mpaka nilipomwambia mara ya pili. Alikuja kuuliza kama Toussaint yuko hapa. Ameondoka Kabimba tangu mwezi uliopita. Alimwambia amepata kazi upande wa Manono, atamtumia habari. Mwenye nyumba amekuja kuichukua nyumba yake, kumbe ilikuwa ya kupanga. Sasa Éliane anarudi kwao Moba, na boti inaondoka mchana.

"Hayuko hapa," nikamwambia.

"Nilijua," akasema. "Nilitaka tu nisikie."

Nilimpikia mtoto uji. Sasa anakaa mwenyewe. Alikaa mkekani akapiga kijiko sakafuni, akanicheka. Nikamuuliza jina lake, maana siku ile sikuuliza. Anaitwa Delphin.

Chumba kilikuwepo. Nafasi ya magunia ilikuwa wazi, na Yaya Anne asingekataa, damu ni yake. Maneno yalikuwa mdomoni, ni mawili tu: kaa hapa. Nilikuwa namtazama akimfuta mtoto mdomo kwa pindo la kitenge, nikaona kwamba kila siku ambayo angekaa humu, ningeliona lile shati lililonyooshwa. Sikusema. Nimeandika hapa ili nisije nikajisimulia vingine baadaye.

Nilimbebea furushi mpaka bandarini. Tulisimama kwenye msururu, jua limetoka, mtoto amelala.

"Mama Ketsia," akasema. "Siku ile nilikuita wifi."

"Najua."

"Na ulikula chakula yangu."

"Kilikuwa kizuri," nikamwambia, na ilikuwa kweli.

Alitikisa kichwa. Alitaka kupiga goti kama siku ile, mzigo ukamzuia, akanigusa mkono tu. Akapanda.

Nilipofika nyumbani Ketsia alikuwa amerudi, amesimama juu ya mkeka. Aliona bakuli na kijiko. "Nani alikuja, Mama?"

Miezi yote hii nimemficha. Sikuwa na nguvu ya kuficha tena.

"Kaka yako mudogo. Na mama yake."

"Niko na kaka?"

"Uko naye. Anaitwa Delphin."

"Iko wapi?"

"Kwenye boti ya Moba."

Alitoka mbio, kandambili moja imebaki mlangoni. Sikumwita. Kutoka barabarani kwetu ziwa lote linaonekana, na boti ilikuwa imeshakuwa ndogo, kitu cheusi tu juu ya maji. Ketsia akasimama ukingoni mwa barabara, akapunga mikono yote miwili. Nilikuwa bado mlangoni nikimtazama wakati Yaya Anne alipopanda kutoka sokoni. Alitua beseni lake chini karibu na mtoto, akatazama alikokuwa anatazama, na bila kumuuliza anampungia nani, akainua mkono wake naye akapunga.